Siku Yaya Alipoiosha Skrini

Mimi nina mkono mwepesi. Nimewahi kumzaba kofi dereva wa teksi, nimewahi kumvunjia mume sahani kichwani, na wote wawili walistahili. Lakini kofi linaloninyima raha mpaka leo ni lile nililompiga yaya, dada yangu mkubwa, asubuhi ya maziko ya papa, baba yetu, nyumbani kwangu ghorofa ya tatu, karibu na barabara ya Chaussée de Wavre.

Papa alikuwa anazikwa kwetu Bukavu. Sisi wawili tuliingia Ubelgiji kama wakimbizi, na mkimbizi haruhusiwi kurudi kukanyaga alikokimbia. Kwa miaka kumi na mitatu nilikuwa nasikia sauti yake tu, kwa sababu simu za picha alizikataa katakata. Alisema yeye si televisheni. Basi mdogo wetu wa kiume, aliyebaki kule, akatuahidi jambo moja: kabla jeneza halijafungwa, atainua simu juu ya uso wa papa tumuage. Hilo tu ndilo nililolitaka duniani.

Nikawasha kompyuta sebuleni, ile yenye skrini pana bapa ambayo wanangu huiachia alama za vidole, na kamera ndogo nimeibana juu yake. Bukavu ikatokea: ua umejaa watu, kwaya inaimba, jeneza katikati, na picha ya papa imewekwa juu ya jeneza. Nikaenda jikoni kuteleka chai.

Sasa, mimi kazi yangu ni usafi. Nafuta skrini za ofisi za madaktari kule Woluwe, na hata nikifumba macho nitakuambia: zima, chomoa waya, acha ipoe. Chukua kitambaa laini kikavu, kama cha kufutia miwani, pitisha polepole bila kukandamiza. Doa likikaidi, lowanisha kitambaa kidogo kwa maji. Kitambaa nasema, si skrini! Maji yakichuruzika yanaingia ukingo wa chini, na humo ndimo kuna umeme. Dawa ya madirisha, marufuku. Spiriti, marufuku. Javeli, ile ya kung'arishia vyoo, usiitaje kabisa. Wanawake wote wa zamu yangu nimewafundisha. Yaya sikumfundisha hata neno moja.

Nilipotoka na trei, nilimkuta amepiga magoti mbele ya skrini inayowaka, chupa ya dawa ya madirisha mkononi, anapuliza moja kwa moja juu ya kwaya. Mkono wa pili unasugua kwa sponji ya vyombo, tena ule upande wake wa kijani unaokwaruza. Mama yangu! Nikapiga ukelele. Mistari myeusi ikapanda kutoka chini, picha ikacheza mara mbili, Bukavu ikazimika. Sauti tu ndiyo iliyobaki, kwaya inaendelea kuimba.

Trei ikaanguka. Sikumuuliza kitu. Nilimzaba kofi lililomgeuza kichwa, yeye aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto.

"Mujinga weye! Umeniulia papa mara ya pili!"

Yaya anatunza wazee, ana mikono ya kuinua watu wazima kitandani. Alinishika nywele akanibamiza kwenye kabati, mdomo ukapasuka. Nikamng'ata bega. Nikaokota simu yangu, nikamrushia nikilenga uso. Ikamkosa, ikasambaratika ukutani, na yake yeye ni ya vibonye tu, haioneshi picha. Jirani wa chini akaanza kugonga dari kwa ufagio. Haukuwa ugomvi wa kuvutana nguo. Nilitaka kumuumiza, na nikaona machoni mwake kwamba naye anataka.

"Mi ni mukubwa!" akalia huku ananikaba shingo. "Kama ningekuwa Bukavu, ni mie ningemunawisha papa uso! Vidole vya batoto bako vilikuwa hapa, kwa paji yake! Donc basi nimuache vile?"

Mkono niliouinua kumpiga ukabaki hewani. Hasira haikuisha, nisidanganye, ila sikuweza tena kuushusha.

Hapo ndipo nikasikia kwamba kwaya imenyamaza. Skrini ilikufa, lakini kamera haikufa. Ua mzima, wajomba, majirani, padri, wote walikuwa wamesongamana kwenye simu ya mdogo wetu, wakiwatazama mabinti wa marehemu wakitoana damu.

"Bayaya," ikaja sauti ya mdogo wetu, taratibu. "Tunabaona. Batu bote banabaona. Mukuje karibu, sasa banataka kufunga."

Nilitamani ardhi inimeze. Tukapiga magoti bega kwa bega, damu inanidondoka kwenye blauzi, yaya kilemba kimemfunguka. Mbele yetu kulikuwa na kioo cheusi kilicholowa, basi.

"Nimemufunua," mdogo wetu akasema. "Nimeweka simu karibu kabisa. Munamuona?"

Nikafungua mdomo nimwambie ukweli. Yaya akanibana mkono mpaka mfupa ukauma.

"Tunamuona," akasema. "Iko muzuri. Iko kama analala."

"Na weye?" mdogo wetu akauliza. Alikuwa ananiuliza mimi. "Weye ndiye ulilia sana kumuona. Unamuona muzuri?"

"Namuona," nikasema, na nyundo zikaanza kupigilia jeneza.