Nilimkataza Mama Kumpa Mjukuu Wake Kitawa

Nilikosea, tena nilikosea kwa ufasaha mkubwa. Naliweka hilo mwanzoni ili usije ukadhani kwamba kosa langu lilitokana na kutokusoma. Wasiosoma walikuwapo wengi kwetu Machame, na watoto wao walikuwa na mifupa imara.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilirudi nyumbani kumalizia tasnifu yangu ya uzamili. Mada, Mungu anisamehe, ilikuwa kalsiamu katika chakula cha watoto wa mlimani. Nilizunguka migombani na mizani ndogo, nikipima mboga katika sahani za watoto wa watu.

Nyumbani alikuwapo Manka, binti wa kaka yangu, mwenye miaka minne. Wazazi wake walikuwa Dar es Salaam wakihangaikia kazi, naye alilelewa na Mama. Maziwa freshi yalimjaza gesi na kumharisha. Juu ya hayo, alikuwa mchaguzi wa chakula. Mboga ya mnafu aliitema kwa sababu ni chungu. Dagaa aliwarudisha pembeni mwa sahani, akisema, "Wananiangalia."

Mama hakuwa na tasnifu. Alikuwa na ng'ombe mmoja bandani, na kibuyu. Aligandisha maziwa kibuyuni, akayapondea ndizi mshare kuwa kitawa, na Manka alimaliza bakuli bila tumbo kulalamika. Dagaa aliwakausha kikaangoni, akawatwanga na vichwa vyao hadi wakawa unga, akaukoroga kwenye mtori. Halikubaki jicho hata moja la kumwangalia mtu.

Tatizo lilikuwa limekwisha. Ilinibidi niingilie kati.

"Mama, maziwa yanamdhuru mtoto huyu," nilisema. "Na mgando ni maziwa."

"Mbona akila kitawa haharishi?"

"Kuna madhara yasiyoonekana."

"Ehe. Ila wewe unayaona."

Nilimweleza kwa nusu saa. Kisha nikahamia kwenye dagaa, kwa kuwa nilikuwa nimesoma pia sura mbili za malezi. Nilisema kumfichia mtoto chakula ni kumdanganya, na kwamba ana haki ya kujua anachokula.

"Wewe nilikudanganya miaka sita," Mama akajibu, "na meno yote unayo."

Hata hivyo alitii. Kibuyu kilioshwa, kikatundikwa ukutani, na unga wa dagaa haukuingia tena kwenye mtori. Mahali pake nilileta kopo la unga wa kujenga mifupa, au hivyo nilivyoamini. Miaka ile maduka ya Moshi yalikuwa yameanza kujaa vitu vya nje, na kopo langu lilikuwa na picha ya mtoto akiruka kando ya glasi nyeupe. Maandishi yalikuwa ya lugha nisiyoijua. Mimi niliyepima mnafu wa majirani hadi gramu ya mwisho, niliridhika na picha.

Kwa miezi minane Manka alikunywa unga ule kwa maji. Aliupenda mno. Nikaandika katika daftari langu: "Mlaji ameupokea vizuri."

Jumamosi moja aliteleza kwenye ngazi ya jikoni. Zilikuwa ngazi mbili tu. Mkono ulivunjika juu ya kiganja.

Daktari alipoiangalia picha ya mfupa, aliuliza mtoto anakula nini. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitoa kopo mkobani kama mtu anayetoa cheti.

Aliligeuza, akasoma. Kumbe yeye alisoma katika nchi kopo lilikotoka.

"Dada, hii ni sukari na rangi. Maziwa yapo kwenye picha tu."

Hakusema kwamba mkono ulivunjika kwa sababu yangu. Alisema watoto huanguka na kuvunjika, ila mifupa ya huyu ilikuwa dhaifu kuliko umri wake. Kisha akauliza kama tumewahi kumjaribisha mgando, maana wengi wanaosumbuliwa na maziwa freshi huuvumilia. Mama alikuwa kwenye benchi, amempakata Manka. Laiti angenisuta.

Jioni nilifungua tasnifu, jedwali la tatu. Mstari wa kwanza: maziwa mgando. Wa pili: dagaa wazima, na mifupa yao. Wa tatu: mnafu. Mwandiko ulikuwa wangu.

"Mama, kwa nini ulinisikiliza?"

"Tulikupeleka shule ili urudi utuambie," alisema. "Ukarudi, ukatuambia."

Ninyi mnaorudi makwenu na vyeti, nawasihi. Kabla hamjaondoa kitu katika sahani ya mtoto, ulizeni kilikuwa kinafanya kazi gani humo, na mweke kingine cha kazi hiyohiyo. Mtoto akikataa dagaa wenye macho, watwangeni. Wapo pia wanaodhurika hata kwa mgando. Hao wapelekeni kwa daktari, msiwalete kwangu.

Mkono ulipona. Kibuyu kilishushwa ukutani, na kitawa kikarudi mezani. Lakini Manka hakushika tena kijiko kama zamani. Alikuwa akiniangalia kwanza.

"Shangazi, hiki kinaruhusiwa?"

Na Mama, aliyekipika kwa mikono yake, alikuwa akisimama na mwiko kusubiri jibu langu.