Lori la Mbao Lililokimbia Maboya

Kuna siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hadi leo chai inanipalia. Mimi na marehemu mume wangu tulikuwa bado vijana pale Butembo, na mali yetu yote ilikuwa depaneze moja ya manjano, gari la kuvuta magari yaliyoharibika. Dereva wetu, Paluku, aliisimamisha kando ya barabara ya Beni, karibu na Maboya, akainama kufunga mnyororo kwenye taksi-basi lililokufa injini. Lori la mbao likateremka kwa kasi, likaivunja depaneze ubavu, likamponda Paluku mguu. Halikusimama! Kwetu mtu akigonga mbuzi humtafuta mwenye mbuzi. Huyu aligonga binadamu akaongeza mwendo.

Tukaenda ofisi ya asiransi, yaani bima, ambayo tuliilipa kila mwaka bila kukosa. Karani alitusikiliza akiangalia dirishani.

"Mwenye aliwagonga hamumujui," akasema. "Donc hakuna mutu wa kudai. Mais mukisema Paluku alisinzia, akaangusha gari ye mwenyewe, dossier yenu ya malipo itapita."

Mume wangu akanitazama. Alikuwa amechoka, maskini, na gereji hazichomelei chuma kwa huruma. Lakini mimi nilikuwa nimetoka hospitali asubuhi ile, nikamwacha Paluku akiuma shuka kwa maumivu. Mguu umevunjika, tumvunjie na jina?

"Hapana," nikasema. "Paluku hakusinzia. Andika ile yenye ilifanyika."

Tukachukua ripoti ya polisi wa barabarani, tukapiga picha kila palipobonyea kabla fundi hajagusa. Kisha nikawaza: lori lililogonga vile lina uso uliovunjika, na uso uliovunjika hutafuta gereji. Mtafuta hachoki, akichoka keshapata. Nikapanda pikipiki hadi Beni, nikazunguka gereji hii na ile katika joto lile ambalo sisi wa milimani hatulizoei. Nikalikuta. Bampa limekunjwa, rangi yetu ya manjano imeng'ang'ania chumani, na mafundi wanachanganya rangi ya kuifunika.

Tajiri mwenye lori alikuwa pale, nguo safi za misa mwilini.

"Mama, kelele ya nini? Ni vyuma tu."

"Vyuma? Mutu alikuwa pembeni ya ile vyuma! Batoto bake banalia! Paka rangi ukiweza, mais mimi naenda kuita polisi, na hawa bafundi bote njo bashahidi!"

Mafundi wakaweka brashi chini, mmoja baada ya mwingine. Tajiri akabaki peke yake.

Polisi walifika, wakaandika yote, na asiransi yake ndiyo iliyolipa matengenezo yetu na matibabu ya Paluku, baada ya miezi ya njoo kesho. Paluku alirudi kwenye usukani akichechemea, jina lake zima. Yule tajiri hakuomba radhi. Tukikutana sokoni hugeuza uso, na hasira yangu kwake sijaizika. Wala sioni haya.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Ukigongwa, usikimbilie fundi. Kwanza polisi waone, mashahidi waseme, picha zipigwe. Mtu akikwambia haki yako itapita ukimchafua mwenzako, inuka utoke. Njia ya mwongo ni fupi. Na siku ukigonga wewe, simama, hata kama unaogopa. Shuka, umwinue uliyemwangusha.

Mungu akulinde kwenye miteremko yote, akupe breki zinazoshika, na akujalie usiwe kamwe yule anayeongeza mwendo.