Chaguo la Mwisho Katika Duru ya Kwanza

Juma lililopita nilivuka mpaka kutoka Busia kwenda Petta kumzika mwenzetu. Chini ya turubai, nyuma kabisa, nilimwona mwalimu wetu wa mpira wa kikapu, mzee sasa, kofia mapajani, na utoto wote ukanirudia.

Unajua tulivyokuwa, rafiki yangu. Kila likizo ndefu wasichana wa Kwapa, Petta na Busia tulikusanyika Tororo, kwenye kiwanja cha saruji chini ya ule mwamba mkubwa. Walimu wa timu walichagua wachezaji kwa zamu, na bingwa wa mwaka uliotangulia akachagua mwisho. Bingwa tulikuwa sisi. Duru ya kwanza ilipotufikia, wazuri wote walikuwa wamekwisha. Huku tukinywa uji wa wimbi, tuliwakagua waliobaki kama watu wanaobonyezabonyeza nyanya sokoni. Mwaka mmoja mwalimu alimchukua msichana mrefu wa Kwapa, tukashangilia; kumbe anaogopa mpira. Mwaka uliofuata akamnyooshea kidole binti wa Petta, mfupi, miguu ina udongo wa shambani.

"Mwalimu, huyu mfupi hivi atafanya nini?" nahodha wetu alinung'unika.

"Tazama anavyosimama," mwalimu alisema. "Warefu tunao."

Hakukosea. Yule binti alikaba mpaka wapinzani wakaomba kupumzishwa. Akicheka, kiwanja kizima kilimsikia. Lakini siku ya fainali goti lake liliamka limevimba. Mwalimu alilifunga kitambaa, akamwuliza kama ataweza.

"Naweza," alisema. Angesema nini kingine, sote tukimtazama?

Tulishinda. Yeye alianguka kabla ya filimbi, goti likapinda upande ambao goti halipindi. Hakucheza tena. Alichechemea mpaka utu uzima, na miaka hii alikuwa akiwauzia madereva muhogo wa kuchemsha kwenye foleni ya malori mpakani. Lori moja lilirudi nyuma ghafla. Wenzake walikimbia. Yeye hakuwahi.

Baada ya mazishi mwalimu alimwendea mama wa marehemu, akainama mbele yake.

"Mama, katika wote niliowachagua, mtoto wako ndiye aliyekuwa bora."



"Najua," mama alisema. "Mngeniachia mwanangu."

Mwalimu aliinuka, akavaa kofia yake.

Tulirudi Tororo pamoja. Alitaka tupite kiwanjani. Tulikuta vibanda vya kuuzia simu, na muziki ukigombana kutoka kila mlango. Saruji yetu ilionekana kipande kidogo tu, kwenye mfereji wa maji machafu. Zamani tungekaa hapo jioni nzima tukibishana nani alichaguliwa vizuri na nani vibaya, kila mmoja akiwa na hakika. Mwalimu alikitazama kile kipande, akaniomba nimshike mkono tuvuke barabara.