Miche ya Mama Mmoja

Jumanne nilisimama kwenye kitalu cha miche Mwatate, nyuma ya mama mmoja mkulima kutoka Mata.

"Hii miche ya mukau, mbegu zake zimetoka kwa miti mingapi?" aliuliza, ameshika mche mmoja wa mti huo wa mbao.

"Mmoja tu, mama," muuzaji akajibu kwa fahari. "Mrefu, umenyooka."

Mama akaurudisha mche mezani taratibu. "Yangu ya kwanza pia ilikuwa ya mti mmoja. Kiangazi kilipozidi, ikakauka yote ndani ya wiki moja. Jirani yangu alichanganya mbegu za miti mingi, akabaki na nusu ya miche yake."

Muuzaji akachukua kalamu. "Sasa nitafute mbegu kwa miti gani?"

"Mingi. Hata iliyopinda, mradi ilivuka kiangazi."

Mimi nilikuwa nimefuata miche inayofanana, shamba lipendeze. Niliondoka mikono mitupu, nikiitazama miti iliyopinda njia nzima.