Wimbo Rahisi wa Mwalimu Felisita

Mwalimu Felisita alistaafu kufundisha shule ya msingi Bariadi, akapumzika wiki mbili, akachoka kupumzika. Ndipo alipoomba yale magitaa madogo ya nyuzi nne, ukulele, yaliyokuwa yamelala stoo ya parokia tangu wageni walioyaleta waondoke. Yalikuwa sita. Paroko alimpa kwa sharti moja: wanafunzi wakiwa chini ya sita, vyombo vinahamia kigango kingine.

Alianza na watu wazima tisa. Jumamosi ya nne walibaki sita, na kosa lilikuwa lake. Alidhani wimbo unaopendwa ndio wimbo rahisi, akawachagulia ule wa mapenzi uliokuwa ukilia kwenye kila bodaboda mjini. Maneno yanakimbia, vidole navyo vinabadilisha mkao kila kufumba na kufumbua. Nancy, fundi cherehani, alisema afadhali ashone suti ya bwana harusi kwa mkono. Hakurudi.

Felisita aliumia. Darasa lile lilikuwa limemrudishia uhai, na hakutaka kurudi barazani kutazama kuku. Akawaza sana, hadi akakumbuka wimbo wa kulimia aliousikia utotoni Dutwa, watu wakiangusha majembe kwa pamoja kwenye mashamba ya pamba. Mikao miwili tu ya vidole, na nusu ya mji inaujua. Kwake yeye, mtoto wa katekista aliyekatazwa ngoma, ulikuwa wimbo tu.

Jumamosi alipoupiga, Mayige, mkulima wa makamo aliyekuwa hakosi kipindi, alilaza ukulele wake juu ya benchi taratibu.

"Mayu, huo ni wa Bagalu," alisema, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Sisi kwetu ni Bagika. Siwezi kuupiga."

Felisita alitamani ardhi ipasuke. Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma vilivyoshindana tangu enzi za mababu! Kila mtu kule anajua wimbo una wenyewe, isipokuwa yeye na miaka yake thelathini na minane ya chaki. Mayige akaenda zake, wakabaki watano.

Wiki nzima mwalimu alikuwa mkali hata kwa mumewe. Ijumaa akavifuta vyombo vumbi, tayari kuvirudisha.

Kesho yake asubuhi Mayige akasimama mlangoni, akamwamkia kwa lugha ya kwao.

"Mwangaluka, mayu. Nimekuja kujibu."

Akaketi, akachukua ukulele, akaanza wimbo wa Bagika wa kuwacheka Bagalu, eti wanalimia mdomo. Felisita akatega sikio. Ilikuwa mikao ile ile miwili.

Winnie, muuza mitumba, ambaye bibi yake alikuwa wa Bagalu, hakukubali kuchekwa. Akamjibu kwa ule wimbo wa Bagalu. Mayige akarudisha. Darasa likagawanyika, wakarushiana vijembe huku wakicheka, na hakuna aliyekumbuka kutazama vidole vyake. Vidole vilikuwa vinahama vyenyewe. Felisita, aliyezoea kuwahesabia moja, mbili, tatu, akaacha kuhesabu, machozi yakimlenga kwa furaha.

Wiki iliyofuata Mayige alikuja na watu wanne wa kwao, wasije wakazidiwa. Winnie akaja na watano. Felisita alihesabu vichwa mara mbili, akajifunga kitenge vizuri, akaenda kumwambia paroko kwamba vyombo havitoshi.