Uboho wa Mdogo Wangu

Mpaka leo ukiniuliza saratani ya damu ni kitu gani, sentensi mbili za mwanzo nitakujibu vizuri, ya tatu nitaanza kubabaika. Mimi ni muuza asali, sokoni Tabora, miaka ishirini sasa. Asali naijua. Nikiionja tu nakwambia kama imetiwa sukari. Damu sikuwahi kuifikiria hata siku moja. Ukijikata inatoka, unaifuta, unaendelea na kazi.

Mdogo wangu alikuwa anafundisha shule ya msingi huko Isikizya. Akaanza kuchoka. Tukasema malaria, akanywa dawa. Tukasema taifodi, akanywa dawa. Halafu tukasema kapungukiwa damu, nikamchemshia rozela kila jioni mpaka midomo ikawa myekundu. Asubuhi moja alipiga mswaki akatema damu tupu, na hiyo haikuwa rozela. Baada ya vipimo tukaambiwa tumpeleke hospitali kubwa, Dar. Tulipanda treni wanne: mgonjwa, mama yetu, mimi, na mdogo wetu wa kiume, seremala.

Hapo kwa seremala inabidi nieleze kitu ambacho nyumbani kwetu hakisemwi. Mama yake mzazi aliletwa na lori kutoka Ulyankulu akiwa na uchungu wa siku mbili, akafariki wodini hapo Tabora mara tu alipojifungua. Kitanda cha pili alikuwa mama yetu, amejifungua mdogo wangu siku hiyo hiyo. Mama akampokea yule mtoto, akamweka ziwa la kushoto, mwanawe ziwa la kulia. Baba mzazi wa yule mtoto akakubali, na miaka miwili baadaye naye akafariki. Kwa dini yetu waliokwisha kunyonya pamoja ni ndugu, hata kuoana hawaoani. Mimi nilikuwa na miaka saba. Siku nilipomwita mbele za watu "mtoto wa kunyonya" nilipigwa mwiko mpaka ukavunjika. Tangu hapo sikurudia, na mtaa mzima haukurudia.

Kwa hiyo daktari alipouliza mgonjwa ana ndugu wangapi wa baba mmoja mama mmoja, mama akiwa amekaa pale ananitazama, nilijibu nini? Nikasema wawili. Seremala akainua kidevu, akasema, "Ndiyo, sisi hapa."

Daktari mwenyewe alikuwa binti ambaye ningeweza kumzaa. Kila asubuhi aliniamkia shikamoo, kisha akaanza kunichanganya. Damu, alisema, inatengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Uboho huo nimeunyonya kwenye supu tangu utotoni! Uboho wa mdogo wangu, akasema, unatoa chembe nyeupe nyingi kupita kiasi.

"Si ndizo askari wa mwili?" nikauliza.

"Ndizo, mama."

"Sasa askari wamezidi, mbona kila siku anaugua?"

"Ni askari watoto, mama. Hawajakomaa, hawapigani. Wamejaa tu kambini, na wazima wamekosa nafasi."

Nikaitikia kwa kichwa kama nimeelewa. Wapi!

Walimpa dawa za dripu zilizomnyoa nywele na kumchubua mdomo. Zikawafyeka wale askari watoto, nikashangilia, nikampigia simu kila mtu sokoni. Kumbe bado. Ugonjwa wa aina yake hupenda kurudi, na njia nzuri ilikuwa kuuangamiza uboho wake kabisa, kisha kumpandikizia mbegu za damu kutoka kwa ndugu anayelingana naye. Mbegu hizo zinatolewa mkononi kwa mashine, zinaingizwa kwenye mshipa wake, zenyewe zinatafuta njia hadi mifupani. "Zinajuaje njia?" nikauliza. Daktari akacheka, akasema hilo ni swali zuri. Nilikasirika. Sikwenda pale kusifiwa maswali.

Akaniambia pia kwamba ipo tiba mpya zaidi, nchi za nje: wanachukua askari wa mgonjwa mwenyewe, wanawapeleka maabara, wanawafundisha kuitambua saratani, wanawarudisha mwilini wakaiwinde. Nikasema basi wachukueni wa kwetu wapelekwe hiyo kozi. Akasema bado haijafika kwetu. Nikabaki nawaza, chembe inafundishwaje? Inakaa darasani? Mdogo wangu mwalimu, kipara chake kikimeremeta, akanijibu, "Dada, mimi nafundisha darasa la pili na hawaelewi, sembuse chembe." Tukacheka mpaka nesi akaja. Nesi huyo huyo ndiye aliyeninyang'anya chupa ya asali, eti mbichi, ina vijidudu, mgonjwa hana kinga. Asali yangu! Nilimjibu maneno ambayo siyaandiki.

Tukapimwa sote watatu, mimi, seremala na mama. Seremala ndiye aliyetangulia kukunja shati. "Maziwa yanajenga mifupa," aliniambia tukiwa tumekaa benchini, "na uboho uko ndani ya mfupa. Sasa ushindwe kulingana kwa nini?" Nawaapia, niliona ana hoja. Na nilitamani sana alingane yeye, kwa sababu mimi naogopa sindano na mashine. Hilo nalisema wazi, ingawa linaniaibisha.

Majibu yakaja. Daktari aliniita peke yangu, maana mimi ndiye mkubwa. Mimi nilikuwa nimelingana na mdogo wangu kabisa. Lakini hakufurahi. "Mama, kuna tatizo," akasema. "Mtoto lazima achukue nusu kutoka kwa mama yake. Huyu kaka hana nusu ya mama yenu. Hana chochote. Naogopa sampuli zimechanganywa, na kama zimechanganywa, hata zako siwezi kuziamini. Turudie zote, tusubiri."

Ningesema neno moja tu, yakaisha. Nilifungua mdomo. Nikauona ule mwiko, nikamwona mama amekaa nje na kanga yake, seremala akimmenyea chungwa. Nikasema, "Sawa, mwanangu, rudieni."

Nikatoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Dini inasema ni ndugu, maabara inasema hana chochote, wote wawili wasomi. Nani mwongo? Mwongo nilikuwa mimi, basi, na mdogo wangu ndiye aliyekuwa analipia.

Siku ya nne ya kusubiri akaanza kutoka damu puani, na haikukata. Fizi nazo. Shuka likabadilishwa, likalowa tena. Chembe za kugandisha damu zilikuwa zimemwishia mwilini, na akiba ya kundi lake hapo hospitali haikuwapo siku ile. Tulikuwa tumekaa korido, mimi, mama, seremala. Nikasimama, woga wote umenitoka, nikamwambia nesi, "Nitoe mimi! Si nimelingana naye?"

"Wewe ndiye kabisa hatukutaki," akasema. "Damu ya ndugu wa kuzaliwa, akipewa sasa, mwili wake unaweza kuizoea vibaya, ukaja kuukataa uboho wenu siku ya kupandikizwa. Namtaka mtu wa kundi lake ambaye si ndugu wa damu. Mna jirani? Mna rafiki hapa mjini? Haraka."

Hatukuwa na mtu. Mama akanitazama, nami nikaangalia sakafu. Nilijua, na yeye alijua, na hakuna aliyethubutu.

Seremala akasimama. Akaweka chungwa alilokuwa akimenya mapajani kwa mama, polepole.

"Mimi," akasema. "Kundi letu moja. Mimi si wa damu."

Mama akamshika shati kwa nyuma. "Kaa chini," akamwambia, "usiseme upuuzi." Alikuwa analia. Seremala akamshika mkono, akauachanisha na shati kidole kimoja kimoja, akaubusu, akamfuata nesi.

Jioni hiyo damu ya puani ilikata. Daktari naye, alipoambiwa, akasema basi majibu ya kwanza yalikuwa sahihi, tusisubiri zaidi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Mbegu nilizitoa wiki iliyofuata, nikiwa nimefumba macho muda wote, na leo mdogo wangu amerudi darasani Isikizya. Daktari anasema damu inayozunguka mwilini mwake ni yangu. Sijui hiyo nayo inawezekanaje.

Nilimwomba seremala msamaha tukiwa kwenye treni, tunarudi, mama amelala. Nikamwambia ningesema mimi mwenyewe siku ile daktari aliponiita, yeye asingelazimika kusimama mbele ya mama.

"Na mimi ningesema siku ya kwanza, dada," akajibu. "Ile ya maziwa na mifupa nilikuwa najidanganya tu. Nilitaka angalau mara moja nipimwe kama wenu."

Nikamwambia afunge dirisha, upepo ulikuwa umezidi.