Kurasa Thelathini na Mbili za Mzee Gundi

Katika chumba cha chini cha maktaba ya chuo, ambako wengine huteremka kutafuta mfagio tu, alifanya kazi fundi wa vitabu ambaye hakuwahi kusoma hata kimoja kati ya vitabu alivyovitengeneza. Kusoma alijua vizuri. Magazeti aliyamaliza mpaka matangazo ya vifo. Lakini kitabu kikishafika mezani kwake, macho yake hayakuingia ndani. Ndivyo alivyofundishwa na fundi aliyemtangulia, mtu mkali, mkavu kama mbao, aliyependa kusema, "Mshona sanda hamuulizi maiti tabia zake. Ukianza kusoma, gundi inakauka."

Basi kwa miaka thelathini na mmoja Mzee Gundi alivijua vitabu kwa migongo yao, kwa nyuzi na kwa namba za kurasa. Jina hilo alipewa na wanafunzi kwa sababu ya vidole vyake, ambavyo siku zote vilionekana kama vimevaa ngozi ya pili. Meza yake haikuwa na ubaguzi. Kitabu cha ukunga kililala juu ya kitabu cha ufugaji wa nyuki. Mashairi ya watoto yalibanwa kwenye kibano kimoja na mwongozo wa kutandaza nyaya za umeme. Vikitoka hapo vilisimama wima, na hakuna aliyewahi kumrudishia kazi. Kwa hilo alijivuna kimyakimya, kama mtu anayejua kuwa mkewe ni mzuri lakini hasemi mbele za watu.

Mkewe, fundi cherehani, ndiye aliyemfundisha kupaka uzi nta ili usikatike. Alimtania kila mara. "Mume wangu amelala na vitabu maisha yake yote, na hata kimoja hakijui kwa jina."

Kitabu kinene hakishonwi karatasi moja moja. Hushonwa kwa mikunjo, kila mkunjo una kurasa kumi na sita, na mikunjo hupangwa kwa namba zake kama askari kwenye gwaride. Mzee Gundi hakuhitaji zaidi ya namba hizo. Ukurasa wa mia moja ishirini na nane ukiisha, unakuja wa mia moja ishirini na tisa. Kilichoandikwa katikati hakikumhusu.

Wiki moja viliingia vitabu viwili pamoja. Cha kwanza kililetwa na profesa mstaafu wa sheria, amekifunga kwenye foronya kama mtoto mchanga. Kilikuwa kitabu chake mwenyewe kuhusu sheria ya urithi, kazi ya miaka kumi na minne. Nakala zipo tele, lakini hii ilikuwa ya marehemu mkewe. Mama huyo alikuwa hakimu. Alikuwa amekisoma chote penseli mkononi, na pembeni mwa kila ukurasa alibishana na mumewe.

"Usifute chochote, fundi," profesa alisema. "Hata nukta."

"Hata vumbi sifuti, Profesa, ukitaka."

"Vumbi futa."

Cha pili kilikuwa cha maktaba: juzuu ya tatu ya hadithi ndefu ya giza, yenye falme zinazochomwa, majeshi ya wafu yanayotembea, na malkia mwenye mkono wa chuma. Wanafunzi walikuwa wamekipigania mpaka kikapasuka vipande vinne. Nacho kilijaa penseli: "usimwamini huyu," "nimelia hapa," na namba ya simu ya mtu. Vitabu vya maktaba vilikuwa na sheria yao. Kabla ya kuvishwa jalada, penseli yote ifutwe.

Vyote viwili vilikuwa vya kimo kimoja, karatasi imepiga manjano, na vyote vilichanika palepale, katikati, kwenye mkunjo wa tisa na wa kumi. Mzee Gundi aliizibaziba mikunjo hiyo kwa karatasi laini na gundi ya unga, akaianika yote minne kwenye kamba ya dirishani. Ilipokauka aliichukua, akatazama namba, akaona zinafuatana, akashona. Kisha akakaa na raba yake, akaifuta juzuu ya tatu kuanzia mwanzo hadi mwisho, polepole, akiimba kwa pua.

Vitabu vikaondoka, naye akaendelea na cha nyuki.

Baada ya wiki mbili, mwanafunzi mmoja wa uuguzi, msichana mrefu aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni ya juzuu ya tatu, aliteremka ngazi akiwa amekikumbatia kitabu.

"Shikamoo, Mzee Gundi."

"Marahaba, binti. Kimeachia uzi?"

"Hapana, kimeshonwa vizuri sana. Nina swali tu. Pale mfalme anapouawa, kitabu kinaanza kueleza nani atarithi. Mtoto wa nje ya ndoa, mjane, ndugu wa tumbo moja. Kurasa thelathini na mbili! Nikajua mwandishi anatuchelewesha makusudi, ili tukae roho juu. Nikasoma zote. Halafu ghafla malkia yuko juu ya farasi, na mimi sijui farasi katoka wapi."

Mzee Gundi alikifungua kitabu ukurasa wa mia moja ishirini na tisa. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alisoma mstari mzima. *Mali ya marehemu asiyeacha wosia.* Akatazama pembeni mwa karatasi. Palikuwa peupe, safi, pamefutwa na mtu hodari.

Akakifunga kitabu.

"Umekasirika, Mzee?" msichana aliuliza.

"Siyo wewe, binti yangu. Niachie kitabu. Farasi nitakutafutia."

Mchana ule alikwenda nacho nyumbani. Mkewe aliweka mkasi chini akamsikiliza mpaka mwisho, bila utani.

"Unaweza kubadilisha mikunjo kimyakimya?" aliuliza.

"Nikikipata kitabu chake, naweza. Lakini maneno ya mama yule nimeyafuta kwa mkono wangu. Atafungua, atakuta mkewe amenyamaza."

"Basi nenda leo. Jambo la namna hii ukikaa nalo linaota ndevu." Akamfungashia kitabu kwenye kitambaa kisafi. "Na uingie na uso wako huohuo. Usitafute mwingine njiani."

Nyumba ya profesa ilikuwa na vitabu hata kwenye ngazi. Mwenyewe alikuwa sebuleni, karibu na dirisha, na kitabu cha urithi kimefunguka magotini. Mzee Gundi alikitambua kwa uzi.

"Karibu, fundi. Nilijua utakuja. Umeniwekea vita katikati ya sura ya wajane."

"Umeshaona, Profesa?"

"Siku ya pili. Nilitaka kukupigia simu, nikasema ngoja kwanza nimalize kurasa. Nimezisoma mara tatu." Alitabasamu kidogo, kama mtu aliyekamatwa akilamba sukari. "Yule malkia hana haki kisheria. Lakini nasimama upande wake. Kurasa zangu ziko salama kwenye kitabu chao, siyo?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mzee Gundi hakukaa kwenye kiti alichoonyeshwa.

"Kurasa ziko. Maandishi ya mama hayapo. Niliyafuta, Profesa. Nilidhani ni kitabu cha maktaba. Mimi huangalia namba, sisomi. Ningesoma mstari mmoja tu, yasingetokea."

Profesa alinyoosha mkono, akapewa juzuu ya tatu, akafungua katikati. Alipitisha kidole pembeni mwa ukurasa, juu hadi chini, kama mtu anayemtafuta mtu kitandani gizani. Akafunua wa pili. Mzee Gundi alitazama viatu vyake na kutamani kutukanwa, maana tusi lina mwisho.

"Hapa palikuwa na ugomvi mkubwa kuliko yote," profesa alisema hatimaye. "Sura hii alinipiga vibaya. Nilikuwa nimeahidi kumjibu katika toleo jipya."

Akaendelea kupapasa. Kidole kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikasimama tena.

"Fundi, una macho mazuri?"

"Ya kutungia sindano, Profesa."

"Njoo hapa dirishani. Kiinamishe kitabu, mwanga upite ubavuni."

Mzee Gundi alikiinamisha. Jua la alasiri likateleza juu ya karatasi, na pale peupe pakatokea mifereji, myembamba, imekunjamana, imejaa pembe. Penseli ilikuwa imeondoka, lakini mkono ulikuwa umebaki.

"Alikuwa anabonyeza," profesa alisema, sauti imepungua. "Hukumu zake zilikuwa zinatokea hadi karatasi ya chini. Makarani walimlalamikia. Na mimi nilimlalamikia. Mimi vidole vinaona kuna kitu, ila macho yangu hayafiki tena huko. Soma."

"Nisome mimi?"

"Nani mwingine yuko hapa?"

Mzee Gundi alikohoa. Akasogeza kitabu, akasoma taratibu, herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza: "'Hapa... umesahau... mjane naye... anakula.'"

Profesa alicheka, kisha akafuta miwani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akavuta daftari, akaandika maneno hayo.

"Endelea."

Ilichukua alasiri tano. Maneno mengine hayakurudi. Pale mama alipoandika kwa haraka palikuwa na michirizi tu, na profesa aliacha nafasi wazi daftarini bila kubahatisha. Mzee Gundi alisoma mpaka akaanza kuchukua upande, na siku ya nne alijikuta akisema, "Hapa mama amekushinda, Profesa," na profesa akajibu kwamba hata fundi wa vitabu sasa amekuwa mahakama ya rufaa.

Kisha alivifumua vitabu vyote viwili, akarudisha kila mkunjo kwao, mara hii akisoma mstari wa mwisho wa ukurasa na wa kwanza wa unaofuata. Msichana wa uuguzi akapata farasi wake. Binti alipomaliza juzuu ile, profesa mwenyewe aliiazima, akairudisha baada ya siku nne akiuliza ya nne iko wapi.

Kabla ya kuirudisha rafuni, Mzee Gundi aliikagua kama kawaida. Ukurasa wa mia moja ishirini na nane, pembeni ya kifo cha mfalme, paliandikwa kwa penseli, kwa mwandiko uleule wa daftarini: *Hakuacha wosia. Malkia naye anakula.*

Raba ilikuwa mezani. Aliisogeza kando kwa kiwiko, akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma, na gundi ikakauka.